Redio Anaandika Mwaka Wake

Watu walimwita Redio, na wala si kwa kumsifu. Redio ya dukani ina kitufe cha kuzimia, huyu hakupewa. Alikuwa kinyozi. Saluni yake ilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, mashine mbili za kunyolea, na mdomo. Ukikaa pale kitini utasimuliwa mechi ya jana, ugomvi wa majirani, ujinga wa wakubwa na dawa ya tumbo, na muda wote huo mkono wake hautetereki. Kunyoa alijua, tusimwonee. Hakuna aliyewahi kutoka pale na mkato hata mmoja, walitoka na masikio yanayouma tu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea nyumbani kwenye chumba cha mbele. Watoto walishakua, kila mmoja ana kwake, kwa hiyo maneno yote ya Redio ambayo wateja hawakuyamaliza yalimsubiri yeye jioni. Sasa siku moja, mwanzoni mwa Desemba, Redio akarudi nyumbani akiwa ameshaanza kusimulia tangu mlangoni. Alifika hadi katikati ya kisa ndipo akagundua chumba cha mbele ni kitupu. Mke hayupo. Cherehani nayo haipo.

Mwanamke akiondoka na mkoba, amekwenda kusalimia ndugu. Akiondoka na cherehani, ndugu yangu, hizo si salamu.

Asubuhi akaenda moja kwa moja kwa shemeji yake. Huyu shemeji, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa mwalimu mstaafu mwenye tabia moja ambayo Redio aliicheka miaka yote. Kila Desemba hutandika kitambaa cheupe mezani, akafungua daftari, akauandika mwaka wake: kilichomfurahisha, kilichomuumiza, alichojifunza. Redio alikuwa akimwambia mbele za watu, "Shemeji, mwaka unaisha wenyewe. Hauhitaji karani." Watu wakacheka, naye akajiona ana akili.

Siku hiyo alikuta madaftari mawili mezani. La pili lilikuwa la mkewe.

"Nimeandika mwaka wangu," mkewe akamwambia, bila hata kumkaribisha kiti. "Umo kila ukurasa, baba watoto."

"Si vizuri hivyo?"

"Kila ukurasa ni wewe unaongea."

Redio akacheka. Akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

"Nenda na wewe kaandike wako," mkewe akasema. "Mwaka mzima, kwa mkono wako. Ukiniona humo ndani, nitarudi. Usiponiona, mwaka mpya utanikuta hapahapa. Siwezi kuuanza mwaka na mtu ambaye hajui kama nilikuwepo huu unaoisha."

"Hilo tu?" akasema Redio. "Kumbe kazi ndogo!"

Alinunua daftari njiani. Asubuhi ile ile akaliweka kwenye rafu chini ya kioo, karibu na chanuo na poda, na kila mteja akiondoka anaandika mistari miwili mitatu kwa mwandiko wake wa kupanda mlima. Shule aliiacha mapema, lakini aliandika. Aliandika transfoma iliyolipuka Februari na ikaacha mtaa mzima gizani. Akaandika ile mechi, tena penalti moja baada ya nyingine, na maoni yake kuhusu kila mpigaji. Akaandika jipu la shingoni la mteja mmoja, kurasa mbili kamili, maana lilikuwa jipu la kihistoria. Alipofika Novemba alijipiga kifua. Nani kasema kutafakari ni kazi ngumu? Wasomi wanapenda tu kutia chumvi.

Kisha akasoma tangu mwanzo, akimtafuta mkewe.

Alimkuta mahali pamoja, kwenye Mei, katikati ya jipu na penalti. Palikuwa na mstari mmoja tu: *Mke wangu alisema kitu.*

Kitu gani? Akakaa kwenye kiti chake cha wateja akajitazama kiooni. Alikumbuka mkewe amesimama, alikumbuka mdomo wa mkewe unacheza, lakini sauti hakuipata. Sauti aliyoisikia ilikuwa yake mwenyewe. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, hofu ya kweli. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini kumbe hata hajioni.

Mtu mwenye busara angekwenda kumwangukia mkewe siku hiyo hiyo. Redio, badala yake, akawauliza wateja.

Wa kwanza kukaa kitini alikuwa mwalimu wa udereva. "Hivi," Redio akaanza kwa ujanja, huku akimkatia juu ya sikio, "mwaka huu mke wangu unamwonaje onaje?"

"Mkeo? Aisee, sijapata mwanafunzi kama yule! Mtihani kafaulu mara ya kwanza."

Mashine ya Redio ikasimama hewani. "Mtihani gani?"

"Wa udereva! Ala, unanitania? Si alikuja hapa na leseni mkononi? Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi nasubiri zamu. Akasimama mlangoni anatabasamu. Ukamwambia, 'Ngoja kidogo, mama watoto, nafika kwenye penalti.' Akangoja. Penalti hazikuisha, akaenda zake."

"Siku ya penalti hakuja na leseni," akasema Redio kinyonge.

"Ilikuwa siku hiyo, fundi. Mimi nilitamani nimfuate."

Jioni ile akaenda kwa muuza mboga wa jirani, mama mmoja asiyepaka maneno sukari. Alimkuta akinyunyizia mchicha maji.

"Mkeo alikuwa akija kukaa kwenye kreti hili," muuza mboga akasema. "Nikamuuliza, mwenzangu, umefuata nini? Akaniambia, kupumzisha masikio."

"Aliniambia anafuata nyanya."

"Nyanya gani za saa nzima? Na lile suala la macho je? Unajua ni nani aliyemsindikiza kwa daktari wa macho, Aprili?"

"Macho yana nini?"

Muuza mboga akaweka ndoo chini. "We mwanaume! Fundi cherehani ameshindwa kutunga uzi kwenye sindano, akadhani anapofuka, amelia hapa mpaka mchicha wangu umeota chumvi, na wewe unauliza macho yana nini? Ile miwani anayovaa unadhani ni pambo?"

"Miwani gani?"

"Loo!" akasema muuza mboga. Hakuongeza neno, na kwa mama yule hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote.

Miwani! Redio alirudi saluni akiwa amelowa jasho. Alikumbuka sasa: kule kwa shemeji mkewe alikuwa na miwani usoni, na yeye alidhani ameazima ya dada yake. Miezi yote hiyo kwenye uso ule ule, mezani, kitandani, naye hakuiona. Aibu ilimshika mpaka akaacha kujitazama kiooni.

Basi, ungedhani sasa amepata akili. Wapi! Mtu aliyezoea kusema cha wenzake, hata toba atasema ya wenzake. Akanunua daftari jipya. Kila aliyekaa kitini akahojiwa. Fundi mwashi akatoa lake kuhusu gauni la harusi ambalo mke wa Redio alimshonea binti yake, lililomfanya yeye mwenyewe, mwashi mzima mwenye mikono ya saruji, atoe machozi. Redio ananyoa kidogo, anaandika kidogo, anarudi kunyoa, nywele zinadondoka kwenye kurasa, hajali. Kila tukio akaliongezea moyo wake pembeni. *Nilihisi uchungu. Nilifurahi mno.* Kufikia wiki ya mwisho ya mwaka mkewe alikuwa amejaa humo ndani mpaka pambizoni.

Jumapili alasiri akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kwa shemeji kama mtu anayekwenda kuchukua zawadi. Mkewe akapokea daftari. Akavaa miwani.

"Hiyo miwani inakupendeza," Redio akawahi.

"Mh," akasema mkewe, akafungua. "*Aprili. Mke wangu mpendwa alikwenda kwa daktari wa macho. Nilihisi uchungu moyoni.*"

Akamtazama mumewe kwa juu ya miwani. Kisha akageuza ukurasa, na kifungu cha nywele kikaanguka kwenye kitambaa cheupe. Nywele fupi, zenye mvi. Akageuza mwingine, zikaanguka nyeusi. Shemeji, ambaye alikuwa akijifanya anafuta vumbi kabatini, akaacha kufuta.

"Hizi ni za nani?" mkewe akauliza.

Redio akainama kuzichungulia. "Za mwalimu wa udereva."

"Na hizi?"

"Hizo... nadhani za mwashi."

Mkewe akazikusanya kwa kiganja, taratibu, kama anavyokusanya vipande vya nyuzi baada ya kushona, akatengeneza kirundo kidogo katikati ya meza. "Kwa hiyo hawa ndio waliokuwa wameniona," akasema. "Basi si ningeolewa na mmoja wao! Nilikuomba mwaka wako, baba watoto, ukaniletea wa wateja."

Redio akafungua mdomo. Visingizio vilikuwepo, tena vya kutosha, vimepanga foleni. Lakini alipotazama kile kirundo cha nywele, foleni yote ikatawanyika.

"Sikukuona," akasema. "Miwani sikuiona. Leseni sikuiona. Mei uliniambia kitu, nimekaa nakitafuta mpaka kichwa kinauma, sikipati. Na nyumba ile, mke wangu, iko kimya hadi najisikia mwenyewe, na ninachokisikia kinanichosha. Sijui wewe umewezaje miaka yote hii. Naogopa hutarudi."

Hakuna aliyecheka. Shemeji akakaa chini, kitambaa cha vumbi mkononi.

Redio akavuta daftari, akatafuta ukurasa usio na kitu, akachukua kalamu ya shemeji. "Niambie wewe. Mimi niandike."

"Hutaweza kunyamaza."

"Nijaribu."

"Debe tupu," shemeji akanong'ona, ila wote walisikia.

Mkewe akaanza na Januari, kwa shingo upande. Akasema jinsi mwaka ulivyoanza kwa mvua na paa la chumba cha mbele likavuja juu ya kitambaa cha mteja. Redio akataka kuingilia, maana kuhusu lile paa alikuwa na kisa kizuri sana. Lakini sasa likatokea jambo ambalo hata yeye hakulitegemea. Mashine ya kunyolea na mdomo wake vilikuwa vimezoeana miaka mingi, kimoja kinafanya kazi na kingine kinapiga soga. Kalamu haikuwa na mazoea hayo. Ili aandike, ilibidi ainame, akunje uso, aubane ulimi kati ya meno, na ulimi uliobanwa hausimulii kitu. Kila alipotaka kusema, alikuwa nyuma kwa sentensi nzima. Kisa cha paa kikapita hivyo hivyo bila kusimuliwa, na paa halikuporomoka.

Mkewe akaongea. Mwanzoni aliongea haraka haraka, kama mtu aliyezoea kukatizwa, anataka afike mwisho kabla hajanyang'anywa zamu. Februari akapunguza mwendo. Machi sauti ikashuka kabisa. Akasimulia asubuhi ile alipochukua sindano akashindwa kuliona tundu lake. Akajaribu dirishani. Akajaribu nje. Akarudi ndani, akakaa mbele ya cherehani akiwa ameikumbatia, akijiambia kwamba mikono inajua njia, hata macho yakikataa. "Nikaogopa," akasema. "Nikaogopa sana. Halafu nika..."

"Subiri," akasema Redio.

Uso wa mkewe ukakunjika. Alilijua hilo subiri. Shemeji naye akatikisa kichwa, akajua yamekwisha, sasa inakuja mechi.

Redio hakuinua hata macho kutoka kwenye daftari. "Rudia hapo," akasema. "Hapo uliposema umeogopa. Sijapata yote."

Mkewe akamtazama yule mwanaume aliyeinama, upara wake unang'aa, ulimi umerudi kati ya meno, kalamu imekaa tayari inangoja. Miaka yote ile ya ndoa alikuwa hajaambiwa na mtu huyu arudie neno lolote. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akarudia, na safari hii hakukimbia.

Jua lilipoanza kuingia kwa upande dirishani, shemeji akasema meza inatakiwa kwa chakula, na kwamba nywele za watu zitoke kwenye kitambaa chake.

"Umefika wapi?" mkewe akauliza.

"Mwisho wa Machi." Redio alinyoosha vidole vilivyokakamaa. Alitaka kuuliza kama amepita au ameanguka, akaogopa jibu.

Mkewe akasimama, akaifunika cherehani kwa kifuniko chake cha mbao. Akanyoosha mkono kwa dada yake, naye dada, bila kuuliza, akampa funguo za gari lake. "Shika upande huo," akamwambia mumewe. "Taratibu, usinivunjie."

Wakaibeba wawili hadi nje, wakaipakia nyuma. Redio akaingia mbele, upande wa abiria, ambako hajawahi kukaa mkewe akiwa dereva. Daftari liko mapajani. Akakumbuka kisa kimoja cha gari lililokosa breki, kisa kitamu ajabu, kikamfika hadi kooni. Akakimeza.

Mkewe akavaa miwani, akarekebisha kioo, akawasha gari.

"Kalamu unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Usiitupe. Aprili ni ndefu."