Tingatinga la Gershom

Asli, anayeuza maziwa ya ngamia mkabala na kibanda cha Lorna katika soko la Garsen, anasema tingatinga lile lilianza kuchimba kabla robota la mitumba halijafunguliwa. Anasema robota lilishushwa asubuhi kutoka gari la Mombasa likasukumwa chini ya meza, naye alipokuwa akisuuza mitungi yake akasikia humo ndani sauti kama ya mtu anayekwangua ukoko sufuriani. Akamwambia Lorna, "Abaayo, dada yangu, mzigo wako una panya." Lorna akatega sikio, akasema panya hakwangui kwa mpango namna ile. Kisha kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Hayo ni maneno ya Asli, na Asli huongeza chumvi akipata wasikilizaji. Lakini Lorna hajawahi kuyakana.

Lorna aliuza mitumba ya watoto. Katikati ya marobota ya nguo, wale wanaofunga mizigo huko ng'ambo husukumiza vichezeo ili kuziba nafasi: vigari vya chuma vilivyobanduka rangi, mwanasesere wa kufumba macho, pia ya bati, simu ya plastiki ya kukokotwa kwa kamba. Wauzaji wenzake walivitupa kwenye fagia, lile fungu la mwisho ambalo mtu anajichotea tu. Lorna alivisugua kwa mswaki na majivu, akavipiga picha juu ya leso nyeusi, akaviweka kwenye simu. Watu wazima wa Nairobi na Mombasa, wenye kazi zao na vitambi vyao, waliviona wakaandika, "Ghai, hiki nilikuwa nacho nikiwa darasa la pili!" Wakavinunua. Hawakuwanunulia watoto wao. Walivipanga kwenye kabati za kioo na watoto wao wakakatazwa kuvishika.

Baada ya mafuriko, marobota yakaanza kuleta vitu vya Mikuyuni.

Mikuyuni kilikuwa kijiji cha wakulima ukingoni mwa mto, chini ya Garsen, kikitengwa na shamba kubwa la mpunga kwa tuta la kuzuia maji. Maji yalikichukua jioni moja ya masika, pamoja na mpunga uliokuwa umeanza kuinama. Waliobaki walihamia kwenye mahema kando ya barabara, mahali palipoinuka, na mpaka leo wanangoja kuonyeshwa ardhi nyingine. Muda ukapita. Kisha katikati ya makoti ya baridi ya watoto pakaanza kutoka magari ya waya yenye magurudumu ya sapatu, wanasesere wa magunzi, ng'ombe wa udongo mbichi wenye nundu. Vingine vilikuwa vimebandikwa bei ya pesa za huko. Sokoni hakuna aliyeshika mdomo. Mto Tana unamwaga maji baharini, bahari haina mlango, na mitumba nayo huja kwa bahari. Kuna mteja aliyeuliza udongo mbichi umevukaje maji yote hayo bila kuyeyuka. Aliambiwa kwamba udongo wa Mikuyuni ulikuwa mzuri tangu zamani, ila yeye si mfinyanzi, hawezi kujua.

Kwa hiyo kila Lorna alipokata kamba za robota, watu wa mahemani walikuja wakasimama. Na Harrison naye alikuja.

Harrison alikuwa dalali wa wale wa kabati za kioo. Alizunguka masoko kutoka Madogo hadi Kipini na begi lililojaa magazeti ya kufungia vitu. Hakuwa mtu mbaya. Alitania kila mtu, alinunua maziwa kwa Asli hata siku ambazo hana kiu, na alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Hapo Garsen, mkono mwepesi ndio kila kitu. Sheria ya kufungua robota ni moja: aliyetangulia kushika ndiye mwenye kununua, na haruhusiwi mtu kumpokonya wala kumpandia bei. Soko lile lina Wapokomo, Waorma, Wasomali na Wagiriama. Hawajakubaliana mpaka leo nani afagie choo, lakini hilo la mkono walikubaliana wote, baada ya watu kuumizana kwa ajili ya blanketi.

Siku ile, kamba zilipokatwa, makoti yakamwagika na tingatinga likatokea. Lilikuwa la udongo wa kijivu, urefu wa kiganja, lenye mkono mbele na ndoo ya meno. Mkono ulikuwa ukipanda na kushuka. Kando yake alisimama mtu wa udongo mwenye kofia, mdogo kama njugu, akichechemea huku na huku.

Rachael alikuwa karibu nalo kuliko wote. Wengi walimwita Mama Gershom, ingawa Gershom hakuwepo tena. Alilitambua papo hapo, kwa sababu juu ya paa lake palikuwa na alama ya dole gumba lenye kovu, na kovu lile mwanawe alilipata kwa wembe akichonga manati. Lakini Rachael alikuwa ametoka kulima kibarua. Mikono yake ilikuwa na tope, na kwa Lorna mtu hashiki mali na mikono michafu. Akaifuta kwanza kwenye leso, upande mmoja, kisha wa pili.

Alipoinua macho, Harrison alikuwa ameshalishika.

"Pole, mama. Nimeshika."

"Ni la mwanangu hilo."

"Kila kitu hapa ni cha mwana wa mtu," Harrison akasema. Hakuwa akimfanyia kejeli.

Watu wakamgeukia Lorna. Lorna alimtazama Rachael, akautazama mkono wa Harrison. Akamkumbuka mama mmoja wa Kiorma aliyemkosa ng'ombe wa udongo wa bintiye kwa sheria hiyohiyo, akaenda zake. Akasema, "Ameshika, Mama Gershom." Rachael akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameishi na majirani wa kila aina, alijua sheria ikivunjwa kwa ajili yako leo, kesho itavunjwa juu yako.

Lakini hakuondoka. Alikuwa na haja nyingine, na haja hiyo haikuwa ya udongo.

Huko Mikuyuni mpunga ukianza kushika mbegu, mtoto hupanda juu ya dungu, ule ulingo wa miti, akashinda huko akifukuza ndege. Anakuwa na kamba ndefu iliyofungwa madebe. Anavuta, madebe yanalia, ndege wanaruka. Na wakati wa masika ana kazi ya pili: akiona maji yanakuja, anavuta kamba bila kuacha, mpaka kijiji kizima kisikie kiamke kikimbie. Jioni ya mafuriko aliyekuwa juu ya dungu ni Gershom. Hakuna aliyesikia madebe. Maji yalifika milangoni kimyakimya, yakamchukua Gershom na dungu lake, na watu wengine pamoja naye. Kwa hiyo kule mahemani, wakati wa kugawana unga au kupanga foleni ya maji, hakosekani mtu wa kusema kwa sauti ya chini isiyo chini sana, "Mwana wa Rachael alilala." Rachael alikuwa akisikia. Aliyemtuma mtoto dunguni siku hiyo ni yeye.

Tingatinga halikuweza kusafiri mara moja. Udongo ulikuwa na maji bado, na Harrison alisema ukipanda basi hivyo utapasuka. Likaachwa kwenye meza ya Lorna likauke kivulini. Kila jioni, jua lilipolalia paa za mabati, lilianza kazi. Kwanza lilikwangua mbao. Asli akaona linaharibu meza ya watu, akaleta karai la udongo wa mtoni akaumwaga mbele yake. Lorna akausawazisha kwa kiganja, ukawa tuta. Tingatinga likaujia ule udongo kutoka upande mmoja, likachimba mfereji, likaukata tuta katikati. Mtu mwenye kofia alichechemea mbele akilionyesha njia kwa mkono. Kazi ilipokwisha vyote viwili vilitulia, na Asli akasawazisha udongo tena kwa ajili ya kesho.

Watu walikuja kutazama wakiwa na chai zao. Roba, mchuuzi wa mbuzi, alichuchumaa usawa wa meza.

"Huyu namjua," akasema. "Ni fundi wa lile shamba kubwa la mpunga, ng'ambo ya tuta. Anavuta mguu hivihivi."

"Kumbe tuta walilikata wenyewe," Asli akasema.

"Maji yangeingia kwao, sasa yakaingia kwa wengine. Mimi jioni ile nilikuwa na mbuzi kule juu. Nilisikia injini tu."

"Hukusikia madebe?" Rachael akamuuliza.

"Injini, mama. Ilinguruma sana. Ungenipigia bunduki sikioni nisingesikia."

Habari zikamfikia chifu. Akaja jioni moja, mikono nyuma, akasimama mpaka tuta likakatika lote. Ripoti iliyosomwa barazani ilisema mto uliuvunja ukingo kwa nguvu zake wenyewe, na kwamba kijiji hakikuwa na mlinzi macho. Chifu aliinama juu ya meza.

"Mtoto alikuwa na mkono mzuri," akasema. "Hata kile kioo cha taa kilichovunjika amekiweka. Tingatinga lenyewe la shamba liko hivyo."

"Basi, chifu?" Rachael akamwambia.

"Basi nini, mama yangu? Nimeona. Hata mimi si kipofu. Lakini udongo hauli kiapo."

Akanunua maziwa ya ngamia, akayasifu, akaenda zake. Shamba kubwa lilivuna msimu ule wa mafuriko. Tuta lilishindiliwa upya, upande wao ukiwa juu zaidi ya mwanzo.

Rachael alikuja kila jioni. Hakulitazama tingatinga sana. Alitazama nafasi iliyo nyuma yake, pale ambapo dungu lingekuwa. Hapakuwa na kitu, ni mbao tupu za meza na kikombe cha Lorna. Siku ya kuondoka, Harrison alimsogezea kichezeo.

"Kishike, mama. Kishike hata kutwa, sina haraka. Ila ni changu."

Rachael alikishika. Hakukibusu wala hakulia. Alikiweka sikioni kama watu wanavyoweka simu, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamrudishia. "Bado ni injini tu," akasema.

Harrison akalilaza ndani ya sanduku la viatu, kwenye makapi ya mpunga, akalipeleka kwenye basi.

Aliyelinunua aliitwa Cynthia. Alikaa Nairobi, kwenye nyumba ya ghorofa, na ukurasa wake ulifuatwa na watu wengi waliopenda kukumbushwa utoto. Alikuwa ameliweka kwenye rafu ya kioo kati ya pia na mwanasesere wa kufumba macho, akamwaga mchanga safi wa dukani mbele yake. Lorna aliiona video yake kwenye ukurasa huo adhuhuri, wateja wakiwa wachache. Aliitazama mpaka mwisho, akafunga kibanda, akaenda mahemani kwa miguu akiwa na simu mkononi.

"Mama Gershom, kaa kwanza," akasema. "Limeongeza."

Rachael akakaa juu ya mtungi wa plastiki. Kwenye video tingatinga lilikuwa likichimba, na yule mtu akichechemea mbele yake. Lakini nyuma yao, juu ya kioo, palikuwa pameota dungu. Lilikuwa na miguu minne, nyembamba kama vijiti vya kiberiti. Juu yake alisimama mtoto wa udongo, si mkubwa kuliko punje ya mchele. Alikuwa amesimama wima. Mikono yake miwili ilikuwa ikivuta kitu, ikiachia, ikivuta. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Rudisha," Rachael akasema.

Lorna akarudisha.

"Anavuta," Rachael akasema. "Ebu ongeza sauti."

Lorna akaongeza mpaka mwisho. Sauti iliyotoka ilikuwa ya wimbo. Cynthia alikuwa ameweka wimbo juu ya video, wenye gitaa na mtu anayepiga mbinja, na chini yake watu walikuwa wameandika kwamba utoto ulikuwa raha, kwamba siku hizo hazirudi, kwamba wangelia. Mmoja aliuliza kama kale katoto kanauzwa peke yake.

Majirani wa mahemani walikuwa wamesogea. Wakatazama juu ya mabega ya Rachael. Mwanamke mmoja, ambaye alipoteza mume, alisema kwamba kuvuta si kitu, huenda anafukuza ndege tu, na kwamba madebe yenyewe hayasikiki. Mwingine akasema jioni ndege wameshalala. Yule wa kwanza akasema, "Sisi hatukusikia," na hilo lilikuwa kweli.

Rachael akamwomba Lorna amwonyeshe pa kubonyeza ili maneno yaende. Akaishika simu mbele ya mdomo wake kwa mikono miwili. Safari hii hakuifuta mikono.

"Dada Cynthia, hujambo. Mimi ni mama yake huyo aliye juu ya dungu. Anaitwa Gershom. Sikuombi unirudishie, ulinunua kwa haki. Nakuomba umpige picha tena bila wimbo. Nyamazisha nyumba kidogo, zima hata feni, usogeze simu karibu naye. Nataka kusikia kama madebe yanalia. Na kama anaita, uniambie anaita nini. Tuko wengi hapa tunangoja. Ni hilo tu, dada."

Ujumbe ukaenda. Muda si muda vile vijialama viwili vikageuka buluu, maana yake umesikilizwa. Watu hawakuondoka. Mtu akamletea Lorna kibao cha kukalia.

Kabla giza halijaingia Cynthia aliweka video nyingine. Mtoto alikuwa bado amesimama, akivuta. Wimbo ulikuwa mwingine, wa taratibu zaidi.