Kimya Apewa Leseni ya Majaribio

Sheria ya vinyozi ilikuwa fupi na haikuwa na ubaya wowote. Ilitaka kinyozi awe mtu mzima, awe na cheti cha afya, akate kucha, na asimnyoe mtu akiwa amelewa. Kwa miaka mingi ilitosha. Ilianza kupwaya siku mhandisi mmoja wa kike alipoingia ofisini kuuombea leseni mkono wa chuma.

Aliyelipokea ombi alikuwa mwanasheria wa mamlaka inayosimamia saluni na vinyozi. Wenzake walimwita Mama Kifungu, kwa sababu hata chai ikipoa alikuwa na kifungu cha kutaja. Alilisoma ombi, akavua miwani, akaivaa tena.

"Umri wake?"

"Miezi saba," mhandisi akajibu.

"Kucha?"

"Hana."

"Basi kwenye kucha amefaulu. Cheti cha afya nikampimishe wapi, hospitali au gereji?"

Mhandisi alicheka, ingawa hakuja kufanya mzaha. Baba yake alikuwa kinyozi, mtaa mzima ulimwita Mzee Wembe, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kwa kusimama kutwa. Alipoambiwa apumzike aligoma. Ndipo binti yake akaunda mashine ya kumsimamia, ili yeye akae.

Mama Kifungu alilipeleka jambo hilo kwa Mkurugenzi, bwana mnene, mpole, mwenye nywele nyingi alizozitunza kama bustani.

"Tukikataa, tutakuwa tumemnyima mtu riziki kwa sababu tu sheria haikumwota," Mkurugenzi alisema. "Tukikubali tu hivi hivi, mtu akikatwa sikio tutajificha wapi? Tuifungulie uwanja wa majaribio."

Utaratibu huo ulikuwa mgeni. Kitu kipya kinaruhusiwa kufanya kazi mahali padogo, kwa muda, kwa watu wazima walioridhia wenyewe. Vifungu vinavyokikwaza vinawekwa kando kidogo, mamlaka inakaa pembeni ikitazama, na sheria inaandikwa baadaye, kitu kikishajulikana tabia.

"Itanyoa katika duka moja tu, la baba yake," Mkurugenzi alisema. "Wewe andika masharti. Ananyoa nani, ananyoa vipi..."

"Inanyoa, mzee."

"Nini?"

"Tuandike 'inanyoa'. Tukishaandika 'ananyoa', kesho atadai likizo."

Aliandika masharti kwa bidii iliyowatia wenzake wasiwasi. Yote yalihusu damu. Wembe ukae umbali gani na sikio, mkono usogee kwa kasi gani, pamba na spiriti viwe wapi. Kinyozi mwenyewe akae karibu, kiganja juu ya kitufe chekundu cha kuizima. Kitufe kikibonyezwa, mashine isiwashwe tena mpaka taarifa iandikwe. Mkurugenzi, aliyependa mambo yakamilike, aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake: kichwa husika kisiguswe na yeyote kabla ya kukaguliwa na ofisa wa mamlaka.

Masharti yakapatikana. Vichwa havikupatikana. Kila aliyeombwa alikumbuka ghafla kwamba anafuga nywele. Mwishowe Mama Kifungu akamgeukia mumewe, mwalimu wa kemia.

"Mume wangu, kichwa chako kina shughuli Jumamosi?"

"Shughuli gani?"

"Kukaa tu."

Mwalimu akaweka kijiko chini. "Mbona usianze na bosi wako?"

"Bosi atakuja baadaye, tukishaona watu wanatoka na masikio."

Jumamosi hiyo mwalimu alikaa kwenye kiti cha pili cha duka la Mzee Wembe, chini ya picha zilizofifia za mitindo ambayo hakuna aliyeinyoa tena. Mkono wa chuma ulikuwa umefungwa ukutani, mwembamba, wenye viungo vitatu. Mzee Wembe alikaa kwenye kigoda kando, kiganja juu ya kitufe chekundu kama mtu anayevizia nzi. Mama Kifungu alisimama mlangoni, mkoba wa dawa kifuani. Mashine ikavuma, ikazunguka kisogoni, ikashuka nyuma ya masikio, ikapanda. Mwalimu alipofumbua macho alikuwa na kichwa safi kama yai, na masikio yote mawili mahali pake.

Habari zikaenea na wateja wakaja, ila walikuwa na lalamiko moja.

"Ananyoa vizuri," mmoja alisema, "lakini ni kama kunyolewa na jokofu."

Kumbe watu hawakuwa wakija dukani kwa ajili ya nywele peke yake. Waliipa mashine jina la Kimya, na wengi wakarudi kwenye kiti cha kwanza, kwenye porojo. Mzee Wembe akawa anasimama tena, miguu ikavimba tena, na mhandisi akaona kazi yake inaharibika. Akaiandikia mamlaka kuomba ruhusa ya kuipa mashine sauti, iweze kuongea na wateja na kujifunza mazungumzo kutoka kwao wenyewe.

Mama Kifungu alilisoma ombi hilo akiwa na njaa. Alijiuliza swali moja tu: je, sauti inaweza kumkata mtu? Haiwezi. Akapitisha, akaenda kula.

Basi Kimya akaongea, na jina likabaki lile lile. Alikuwa na sauti tulivu, alijua kuitikia "eeh" na "kumbe!" mahali panapofaa, na foleni ya kiti cha pili ikafika nje mlangoni. Mwalimu alianza kunyolewa mara nyingi kuliko nywele zake zilivyoweza kuota.

"Leo tena?" mkewe alimuuliza. "Kulikuwa na nini cha kunyoa?"

"Ndevu."

"Ndevu zipi?"

Mwalimu akajipapasa kidevu. "Anajua kusikiliza yule. Akikuuliza jambo, anakusubiri umalize."

Maneno hayo yalimchoma Mama Kifungu kidogo, lakini alikuwa na taarifa ya kuandika, hakumwambia.

Muda wa majaribio ulipokaribia kwisha, Mkurugenzi alitaka kujionea mwenyewe kabla sheria haijaandikwa. Alikwenda na Mama Kifungu, wakamkuta mhandisi na baba yake dukani. Aliisifu spiriti, akakisifu kigoda, kisha, bila mtu kumwomba, akavua koti na kukaa kwenye kiti cha pili.

"Nitapitishaje kitu nisichokijaribu?" alisema, akijifunga mwenyewe kitambaa shingoni. "Zote ziondoke. Zitaota."

Kimya akaanza upande wa kushoto. "Karibu, mzee. Habari za kazi?"

"Njema kabisa!" Mkurugenzi akatabasamu kiooni. "Kazi ni vikao tu, vikao tu."

"Pole. Vikao vinachosha. Kuna bwana mmoja aliniambia mkewe ni mwanasheria, na bosi wake hukoroma kikaoni."

Mama Kifungu, aliyekuwa akiandika "mazungumzo ni ya heshima," aliacha kuandika.

"Hukoroma?" Mkurugenzi akauliza.

"Kama jenereta la zamani. Mkewe humwigiza mezani mpaka watoto wanapaliwa. Na kuna siri, mzee. Mambo magumu wanayapitisha pale pale, kabla hajaamka."

Mhandisi alifunika uso kwa viganja. Mzee Wembe, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwahi kukigusa kile kitufe, alikipiga kwa kofi lililosikika mpaka nje. Mkono wa chuma ukasimama juu ya utosi. Kushoto kwa utosi huo palikuwa peupe paking'aa, na kulia bustani ilikuwa imesimama yote.

Mkurugenzi alijitazama kiooni kwa muda.

"Iwasheni imalizie," alisema polepole.

"Hairuhusiwi, mzee," mhandisi akajibu. "Mpaka taarifa iandikwe."

"Basi Mzee Wembe malizia wewe."

"Natamani," Mzee Wembe alisema, mikono juu kama aliyekamatwa. "Lakini masharti yanasema kichwa husika kisiguswe."

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Mstari huo uliuongeza wewe mwenyewe, mzee," Mama Kifungu alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba ardhi ipasuke. Kisha akakumbuka kwamba ofisa wa mamlaka aliyekuwepo hapo ni yeye. Akavaa miwani, akakizunguka kichwa cha bosi wake pande zote, akainama, akainuka.

"Nimekagua kichwa," akatangaza. "Hakina jeraha."

"Kwa nje," Mkurugenzi akasema.

Mzee Wembe akachukua mashine yake ya mkono na kuanza upande wa kulia. Nywele zilianguka kwa mafungu juu ya kitambaa. Mkurugenzi alifumba macho, na baada ya muda, bila kuulizwa, akaanza kuongea.

"Mama yangu amehamia kwangu. Amezeeka, amekuwa hatambui mahali alipo. Usiku ananiita mpaka asubuhi, na akiniona anatulia. Nikifika ofisini, vile viti vya kikaoni ni laini mno."

"Pole, mwanangu," Mzee Wembe alisema, akanyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio, waliokuwa mlangoni wasisikie.

Mama Kifungu alisikia. Alitazama viatu vyake hadi kazi ikaisha.

Ndani ya gari, kichwa cha Mkurugenzi kikiwa sawa pande zote, walipita makutano ya kwanza.

"Mzee, naomba unisamehe," Mama Kifungu alianza. "Sina hata la kujitetea."

"Huwa unaniigizaje?"

"Mzee, tafadhali."

"Nimekuuliza kama bosi."

Akaigiza. Aliigiza vizuri, pamoja na ile filimbi ya mwishoni. Dereva aliuma mdomo, lakini gari lenyewe lilimsaliti, likayumba. Mkurugenzi akaanza kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka akatafuta leso.

"Na kile kibali cha masaa ya saluni nilichokishangaa mwezi uliopita?"

"Ulikuwa umelala, mzee."

"Kibaki. Ni kizuri." Akajifuta macho. "Sasa niambie. Tumeandika kurasa zote zile za damu, na halikumwagika hata tone. Tulikosea wapi?"

"Tulichunga mkono, tukasahau mdomo," Mama Kifungu alisema. "Ombi la sauti nililipitisha mimi, bila kufikiria. Na yeye hakuvunja chochote. Hakutaja jina la mtu."

"Hakuhitaji. Mji huu una wanasheria wangapi wa vinyozi?"

"Mmoja."

"Umesema 'yeye'," Mkurugenzi akamwambia. "Nimekusikia."

Nyumbani mwalimu alikuwa anasahihisha mitihani. Mkewe alimsimulia yote, na mwalimu akashika kipara chake kwa mikono miwili.

"Nilidhani ni mashine tu!"

"Hata mimi. Tumeponzwa na wazo moja." Akavuta kiti. "Lakini mambo ya kusubiriwa umalize, hayo ungeniambia mimi."

"Ningekuambia saa ngapi? Nikifika neno la tatu unanitajia kifungu."

Usiku ule Mama Kifungu alimsikiliza habari za maabara, za mwanafunzi aliyeunguza pazia na mkuu wa shule aliyelipongeza jaribio kabla hajajua ni pazia. Ilikuwa habari ndefu. Alisubiri imalizike, na mara mbili alijiuma ulimi.

Rasimu ya sheria aliyoiandika baadaye ilikuwa na kurasa chache za damu na nyingi za maneno. Kitambaa kikitoka shingoni mwa mteja, mashine isahau kila ilichosikia. Na ikiongezewa uwezo wowote mpya, hata uwezo wa kupiga mluzi, iombewe ruhusa upya na ijaribiwe upya. Hapo mwanzo aliandika kwamba sharti la kutunza siri limhusu "kinyozi yeyote, mtu au mashine", na siku ya kusikiliza maoni vinyozi wakajaa ukumbini mpaka madirishani.

"Mnataka tunyoe kama tunanyoa maiti?" Mzee Wembe aliuliza, wenzake wakapiga meza.

Mkurugenzi hakuwa amelala. "Mzee Wembe akivujisha jambo," alisema, "linaishia mtaani kwake, na wateja wanajua pa kumpata. Kimya akiwa kwenye maduka mia, jambo moja linafika kwenye vichwa vya nchi nzima kabla ya chakula cha mchana. Huyo ndiye wa kufungwa kamba. Watu tuwaachie midomo yao."

Wakafuta neno "mtu", ukumbi ukashangilia, na leseni ikatoka. Mzee Wembe sasa hukaa kwenye kigoda chake kutwa, miguu juu ya kasha la sabuni, akipiga porojo na wanaosubiri, huku Kimya ananyoa.

Jumamosi ya kwanza baada ya leseni mwalimu alirudi dukani, mkewe akamsindikiza na kukaa kwenye benchi na gazeti.

"Karibu, bwana," Kimya alisema. "Ni mara yako ya kwanza hapa?"

Mwalimu alinyong'onyea kama aliyekanwa na rafiki. Akajieleza upya: mimi ni mwalimu, nina watoto, nafundisha kemia. Akasimulia habari ya pazia, Kimya akacheka sana, na mwalimu akachangamka kidogo kidogo.

"Na mkeo je?" Kimya aliuliza. "Ni mtu wa namna gani?"

Mwalimu aliinua macho, akakutana kiooni na miwani iliyochungulia juu ya gazeti.

"Mpole," akasema. "Mpole sana. Hebu nitengenezee hapo nyuma ya sikio."

Mama Kifungu akafunua ukurasa wa pili.