Punje Zilizokunywa Ukungu

Katika mji wa tanuri la shaba, asubuhi huamka manjano. Si jua hilo. Ni nuru iliyopenya moshi wa bomba kuu, ikachoka kabla ya kufika dirishani, ikalala juu ya kabati kama vumbi la mwaka jana.

Moshi haubishi hodi. Huingia, huketi kifuani mwa Mama Vukosava, wala hauagi.

Binti yake, Desanka, mkemia, amechoka. Miaka minne amepika punje nyeupe, ndogo kama mtama, na ndani ya kila punje vitundu visivyohesabika, vyumba vitupu vinavyoingojea gesi ya salfa iingie, ifungiwe humo. Maabarani zinaimeza. Hapa nyumbani, katika kisanduku chenye feni alichokifunga dirishani, zimeshindwa mara kumi na moja. Shahidi ni mche wa maharage anaouweka mbele ya kisanduku: kila mche, majani huungua madoa meupe.

"Panda mwingine," mama akasema, akikohoa. "Maharage yapo."

"Tuhame, mama."

"Nihame mimi, moshi ubaki na nyumba? Kwani ukuta huu aliujenga moshi au baba yako?"

Moshi haubishi hodi. Desanka akaketi sakafuni, akafungua kisanduku, akatia kidole. Majimaji.

Maabarani alizijaribu kwa hewa kavu ya mtungi. Hewa ya bonde hili ina ukungu, na ukungu ulitangulia, ukapanga vyumba vyote. Salfa ilipofika, ikakuta kumejaa, ikapita.

Mama alikuwa akitunga pilipili nyekundu uzini, za kuanikwa chini ya paa.

"Zimelowa?"

"Zimelowa."

"Msomi wangu. Pilipili ukiisaga bila kuianika, unapata nini?"

"Uji."

"Haya basi."

Desanka akacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kulia. Mbele ya punje zake akaweka tabaka la punje nyingine, za kukausha hewa, zinywe ukungu kwanza. Hewa nayo ianikwe.

Asubuhi ya tatu mama bado amelala, kifua kinapanda na kushuka bila kikohozi. Jioni punje zitajaa, itabidi zichomwe maabarani zitapike gesi, na kesho tena, na kesho kutwa. Mgongo unauma. Lakini nuru ya manjano imefika dirishani, imeshuka juu ya mche wa maharage, na kila jani ililoligusa ni kijani.

Nje, moshi umesimama. Leo umebisha hodi. Umebisha, umebisha.

Mwenye nyumba amelala.