Mbili za Haraka, Moja Nzito

Mkurugenzi Sosthenes aliingia chumbani kwangu, hapa Kihesa, na viatu vyake vyenye matope, akakanyaga waya wa spika, halafu akauliza kama ndipo ninapolala. Naanzia hapo makusudi. Wengine wakimsimulia huanza na madawati aliyotoa shuleni.

Ndiyo, ndipo ninapolala. Ndipo pia ninapotengenezea muziki. Nina kompyuta niliyoifufua mwenyewe, amplifaya niliyoiunda kwa vipuri vya redio za watu waliozitelekeza kwa fundi, yaani kwangu, na spika moja kubwa ambayo karatasi yake nimeishona kwa uzi wa viatu. Sikufundishwa na mtu. Muziki wangu hauna mwimbaji. Nachukua sauti za mashine ya kusaga, upepo wa Iringa kwenye mabati, pampu ya kisima inayokohoa, nazikata kwenye kompyuta, nazirefusha, nazirundika. Albamu niliyokuwa naipika inaitwa *Zamu*. Karibu yote ni besi, na sababu yake ni mama yangu.

Mama yangu, Evarista, alifuma mablanketi kiwandani Mbeya mpaka masikio yake yakafa. Husikii kitu ndani ya lile banda, aliniambia, unaona midomo tu. Sasa husikiliza kwa viganja. Nikiwasha, anakuja na kiti chake, anaweka mikono juu ya boksi la spika kama mtu anayeota moto, anafumba macho. Besi ikishuka anatikisa kichwa. Sauti nyembamba hazimfikii, kwa hiyo nimezipunguza. Kuna watu Dar waliniandikia kwamba muziki wangu ni mzito mno. Niliwajibu kwamba hawakutungiwa wao.

Wimbo wa kwanza nilimwibia yeye mwenyewe. Akichambua maharage, akingoja maji yachemke, kidole chake kilikuwa kinagonga ungo: mbili za haraka, kimya, moja nzito. Mbili za haraka, kimya, moja nzito. Nikairekodi kwa simu, nikaishusha chini kabisa, nikaitandika wimbo mzima. Nilimwandikia: hii ni nini? Akasema kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, "Mambo ya kazini hayo!" akaendelea na maharage.

Siku Sosthenes alipokuja nilikuwa nimevaa hedifoni, nimeupa mlango mgongo. Mama akaja nyuma akanigonga begani. Mbili za haraka, kimya, moja nzito. Nikacheka, nikidhani anacheza wimbo wake. Akanigonga tena, safari hii kwa nguvu, ikauma. Nikageuka.

Mlangoni alikuwa amesimama Sosthenes. Nyuma yake Jailos, rafiki yangu wa Mbeya, mshereheshaji wa harusi, anatabasamu kama aliyeleta mchumba.

"Lusekelo, kaka! Nimekuletea bahati mpaka chumbani," Jailos alisema. "Mkurugenzi kasikia kipande nilichomrushia, kasema lazima aje mwenyewe."

Mimi huyu mtu namkumbuka. Yeye hanikumbuki, na hana sababu. Nilikuwa mtoto nimekaa kwenye nyasi nje ya geti la kiwanda, siku akina mama walipomwita meneja wao awaeleze kuhusu masikio. Waliomba vizibo. Alikuwa na suti ya kaki na kalamu tatu mfukoni. Akawaambia, "Msiposikia ni afadhali, mtapunguza umbea." Wanaume waliokuwa pembeni yake wakacheka. Miaka michache baadaye zikaja habari za kuuza viwanda, akahubiri kufunga mikanda, na mashine zikatoka pale juu ya malori kama vyuma chakavu. Waliofunga mikanda wakabaki nayo. Banda likabaki kwake. Hakuna aliyeuliza lilibakije. Sasa ni ukumbi wa harusi. Unaitwa Sosthe Paradise.

"Mama, shikamoo," alisema yule, ingawa ni rika lake, akidhani kumwamkia kizee wa watu ni unyenyekevu. Mama alimtazama midomo. Hakuitikia.

"Hasikii," nilisema.

"Pole sana. Uzee."

Niliwasha muziki ili nisitapike maneno. Kidole cha Mama kikatoka kwenye spika, kikaujaza ukuta. Sosthenes akaanza kutikisa kichwa, tumbo likimfuata nyuma kwa kuchelewa.

"Hii! Hii ndiyo! Ina, ina... nidhamu. Kijana wangu, jina langu liingie hapa, mwanzoni. Sauti nzito: 'Mlezi wa sanaa, Mkurugenzi Sosthenes.' Kama bendi za zamani zilivyokuwa zinatutaja. Halafu uzinduzi ni kwangu, ukumbi bure, mitambo bure, redio nitazungumza nazo mimi."

"Muziki wangu hauna maneno, Mkurugenzi."

"Basi utakuwa na hayo machache."

"Tutaonana," nilisema. Aliondoka akaacha tope la umbo la soli katikati ya chumba.

Mama alichukua ufagio. Nilimshika mkono, nikamgongea kiganjani ule mdundo wake, nikanyoosha mabega kuuliza. Safari hii alikaa chini.

"Ilikuwa alama yetu," alisema. "Mle ndani huwezi kumwambia mwenzio kitu. Sasa huyu akitoka ofisini, wa kwanza kumwona anagonga chuma cha mashine kwa spana. Unasikia kwa miguu. Unajua yuko nyuma yako. Msichana aliyekuwa amekaa, anasimama. Aliyekuwa mjamzito anaficha tumbo, maana angefukuzwa. Na aliyekuwa mzuri anahamia kwa mwenzake, wasimame wawili."

"Yeye alijua?"

Alisoma midomo yangu, akacheka bila furaha. "Hakuwahi kuweka mkono kwenye mashine. Angejuaje?"

Nilimpigia Jailos kumwambia hapana. Jina la yule mtu liingie kwenye kidole cha mama yangu? Bora niifute kompyuta nzima.

"Mwanangu, acha hasira za urithi," Jailos alisema. "Unajua pale ana spika za besi ngapi? Sakafu yote inatetemeka. Hiyo ya kwako umeishona kama kandambili. Mama yako ataisikia kweli kweli, mara moja katika maisha yake."

Hilo lilinikamata. Nilimweleza Mama, nikitumaini atakataa.

"Twende," alisema. "Nataka kukanyaga pale. Jina hutalitia."

"Sitalitia."

Basi tukapanda basi kwenda Mbeya, mimi na kompyuta mapajani, Mama kaegemea kioo ili injini imsemeshe fuvuni. Uzinduzi ulikuwa Jumapili mchana, watu wakitoka ibadani. Jailos alitupokea getini. Lile lile geti, limepakwa rangi ya dhahabu.

Nisiwachoshe na mapambo. Vigae vyeupe vinavyoteleza, maua ya plastiki, satini ya zambarau kwenye madirisha ambayo akina mama walikatazwa kuyafungua ili vumbi la pamba lisisumbue nje. Na mbele kabisa, jukwaani pembeni, Sosthenes alikuwa amewapanga wafumaji wa zamani wale walio hai, kwa ajili ya picha. "Historia," aliita. Alikuwa amewavisha khanga zenye uso wake mwenyewe, na chini yake maandishi: ASANTE MKURUGENZI. Mama naye alipewa ya kwake mlangoni. Aliipokea, akaikunja, akaibana kwapani.

Walimwona. Hawakupiga kelele, wengi wao hawasikii pia. Walishikana nyuso tu, kila mmoja akisoma mwenzake midomo, mikono inaruka. Mama aliacha viti, akatembea katikati ya ukumbi akihesabu nguzo kwa macho. Akasimama penye kigae kimoja kisicho na tofauti na vingine, pale ilipokuwa mashine yake. Akavua viatu.

Sosthenes alizungumza. Alisema alipenda sanaa tangu utoto, na kwamba kiwanda kile kilikuwa familia. Akasema, "Sasa tusikilize wimbo niliouletea taifa," akanikonyeza, akiwa na uhakika jina limo.

Nikabonyeza.

Jina halikutoka. Ilitoka besi, mbili za haraka, kimya, moja nzito, na vigae vikaanza kuunguruma. Sikumtazama Sosthenes. Nilimtazama Mama: vidole vya miguu yake vilifunguka kama vya mtoto anayejifunza kusimama. Halafu niliwatazama wale wafumaji. Wote, kwa pamoja, waligeuza shingo kutazama nyuma. Hawakuambizana. Yule mmoja mwenye fimbo alisimama wima. Mwingine alisogea akambana jirani yake, bega kwa bega. Walimkuta Sosthenes amesimama hapo hapo nyuma yao, na maiki mkononi.

Mmoja akachukua kifungulio cha soda, akagonga chupa. Mwingine akagonga chuma cha kiti. Ukumbi ukajaa.

Naye? Alidhani anashangiliwa. Alianza kucheza! Mikono juu, jasho linachuruzika shingoni mpaka kwenye kola, anawazunguka wale wanawake mmoja mmoja, anawakaribia kama zamani, nao wanagonga kwa nguvu zaidi kila anapokaribia. Wageni wakapiga vigelegele. Simu zikainuliwa. Sijawahi kuona kitu kichafu kama kile, na nimeshafungua redio zilizokaa na mende miaka kumi.

Nikashusha sauti, nikachukua maiki ya Jailos. Nilieleza. Nilisema alama hii ilikuwa ya nani na ya kumkwepa nani. Nilitaja vizibo, nilitaja umbea, nilitaja wajawazito. Simu zikashushwa, nikasema moyoni, sasa amekwisha.

Sosthenes alijifuta uso kwa leso, akafikiri. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo sitamsamehe.

"Kumbe!" alisema. "Kumbe mlinitungia wimbo tangu enzi zile! Na kijana wangu ulitaka kuninyima jina, nami nimo humo siku zote!"

Wakacheka. Wakampigia makofi. Jailos, maskini, alipiga makofi pia, kisha akaona uso wangu akaacha.

Mama alikuwa bado penye kigae chake. "Kasemaje?" aliuliza, na sauti yake ilizidi ya ukumbi wote.

Nilimwendea, nikamwambia polepole, aone kila neno mdomoni mwangu. Alimtazama yule mtu. Akakusanya mate, akatema, penye kigae kile kile. Halafu, kwa kuwa alikuwa amelifagia eneo lile zamu zake zote na hakuweza kuliacha chafu, aliikunjua ile khanga, akapiga magoti, akayapangusa kwa uso wa Mkurugenzi. Akaiacha hapo sakafuni. Akavaa viatu.

"Nyumbani," alisema.

Njiani nilimwambia nitaufuta ule wimbo. Kashaugeuza sifa yake, nilisema, kila ukipigwa atacheza. Mama alinitazama kama mtu aliyezaa mjinga.

"Kwani ameacha kupita?" aliuliza. "Wacha ugonge."

*Zamu* imetoka kutoka chumbani kwangu, bila mlezi, bila jina la mtu yeyote. Redio hazijaipiga, na najua nani alizungumza nazo. Jailos anaigawa kwa madereva wa bodaboda, anadai ni toba.

Mwezi uliopita nilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, kutafuta karatasi ya spika. Gari jeusi la Sosthenes likakwama kwenye foleni karibu na wauza viazi. Mama mmoja, simjui, mdogo mno kuwahi kufanya kazi kiwandani, aligonga debe lake bila kuinua macho. Mbili za haraka, kimya, moja nzito. Wa pili akaipokea, wa tatu, ikateremka mstari wote. Msichana aliyekuwa anapita karibu na lile gari akavuka kwenda upande wa pili.

Kioo cha gari kikashuka. Akatoa mkono, akatupungia.