Mviringo wa Njano

Tangu Nasreen apate mimba, mimi sikai. Nikikaa, miguu inanicheza. Naamka nafungua friji, naifunga, nachungulia dirishani, narudi kwenye kochi, naamka tena. Mume wangu Badawy huniambia, "Mama Nasreen, utalitoboa zulia." Mimi humjibu kwamba zulia ni la mwenye nyumba, acha litoboke.

Nasreen ndiye mwanangu pekee, na huu ni uzazi wake wa kwanza. Huku Marekani sisi tuko mji wa Richfield, yeye yuko mji wa Hopkins na mumewe Yasser. Kwetu Mombasa, binti akizaa, mamake ndiye humkanda kwa maji ya moto, akamfunga mkanda wa tumbo, akampikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini iishe. Kuhamia kwao siwezi, chumba ni kimoja, na Badawy macho yake yameliwa na presha, haachwi peke yake. Ni kwenda na kurudi kila siku, naye nimpakie twende wote. Nasreen akaniambia bila kuzunguka, "Ma, huna gari. Mabasi mawili na baridi hii, na baba umemshika mkono? Mamake Yasser yuko tayari kuja kutoka Columbus."

Mamake Yasser ni mtu mzuri, sina ubaya naye. Ila uji wake ni maji ya kunawia. Nikaapa kwamba leseni nitaipata kabla mtoto hajatoka, na mwanangu nitamkanda kwa mikono yangu hii.

Yasser akajitolea kunifundisha usukani kila Jumapili, na nikipata leseni gari lake kuukuu liwe langu. Alama za barabarani, Badawy akasema, ni kazi yake. Na nani angembishia? Alizichora manispaa ya Mombasa ujana wake wote. Alifunzwa kwa kitabu kilichoachwa na Waingereza, zile alama zao za zamani: nguzo ya mistari myeusi na myeupe, juu yake pembetatu nyekundu iliyo tupu katikati, na chini kibao chenye picha. Penye shule walichora mwenge unaowaka, kwa sababu elimu ni nuru. Kisha Waingereza wenyewe wakautupa mwenge wakachora watoto wanaovuka, na Badawy akaamrishwa afute ule achore hawa. Mpaka leo hajawasamehe. "Mwenge ulikuwa na heshima zake," husema. "Wale watoto utadhani wanakwenda kununua barafu."

Siku hizi haoni uso wangu. Anaona rangi, na umbo likiwa kubwa. Lakini alivikusanya vifuniko vya masufuria yangu, akanunuliwa rangi na Yasser, akaketi barazani akichora kwa kupapasa. Nikawa napika pilau, juu yake imeandikwa HALT, simama kwa Kiingereza chao. Kila asubuhi, kabla sijameza chai, ananisomesha.

"Mviringo?"

"Amri."

"Pembetatu?"

"Onyo."

"Ukiona mviringo wafanyaje?"

"Natii, Baba Nasreen. Niache ninywe chai."

Kijitabu cha Minnesota tulikuwa nacho. Nasreen alinisomea, nikapita mtihani wa maswali. Badawy alikishika, akakisogeza karibu na pua, akakirudisha mezani. Alisema ni rangi rangi tu, kama makaratasi ya sabuni.

Siku ya mtihani wa kuendesha ufunguo uliniponyoka. Msimamizi alikuwa mama mpole, kakaa kando yangu na kalamu yake. Nikapinda kulia vizuri, nikapinda kushoto vizuri. Mara, kando ya barabara, nikakiona kibao cha mviringo, cha njano. Kichwani nilikuwa na kijitabu, lakini mguuni nilikuwa na Badawy. Mguu ukakanyaga breki, gari likasimama katikati ya barabara. Hakuna treni, hakuna taa, reli yenyewe iko mbali kule mbele. Lori nyuma yangu likapiga honi.

"Mbona umesimama?" yule mama akauliza.

"Nimeamrishwa," nikamwambia.

Akanieleza taratibu kwamba mviringo ule wa njano ni onyo tu kuwa reli iko mbele. Unapunguza mwendo, unaangalia, unapita. Akaniangusha, na alikuwa na haki.

Nyumbani nikamwambia Badawy kwamba msimamizi alikuwa mkali. Maskini, akanipa pole, na kesho yake akachora vifuniko vingine viwili ili safari hii nisikosee. Tarehe mpya ya mtihani nikaipata, tumbo la Nasreen limeshuka, na mamake Yasser anauliza bei ya tiketi. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa naficha. Kila akiniuliza "Mviringo?" nahisi joto linapanda shingoni.

Asubuhi moja likafika juu. "Baba Nasreen, nyamaza. Alama zako ndizo zilizoniangusha. Huku mviringo si amri."

Akakilaza kifuniko mapajani. Kisha akauliza, "Rangi gani?"

"Njano."

"Mviringo wa njano haupo."

"Upo. Una X nyeusi ndani, na R mbili za reli. Ni onyo tu, unapunguza, unaangalia, unapita. Nimesimama mbele yake kama mjinga na lori nyuma yangu."

Methali ya kumwambia ninayo, ile ya ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho, lakini utamwambiaje hivyo mtu wa macho kama yake? Nikaimeza. Yeye akaviokota vifuniko vyake kimoja kimoja, akavisukuma chini ya kitanda. Tangu siku hiyo hakuniuliza chochote, si mviringo wala pembetatu. Nilikuwa na hasira naye na namwonea huruma, vyote mara moja, na pilau nikaifunika kwa sahani.

Mtihani wa pili nilipita. Nilipomwambia, alisema "Alhamdulillahi" akageukia ukuta.

Siku chache baadaye Yasser akapiga simu: Nasreen kajifungua msichana, wote wazima, leo wanarudi nyumbani. Nikatia sufuria, mkanda na pilipili manga kwenye mfuko, nikamfunga Badawy mkanda wa gari, mfuko nikampakatisha. Njia nzima aliukumbatia ule mfuko. Na mimi sikuwa na utulivu, kila kioo nakitazama mara tatu.

Karibu na Hopkins nikauona kwa mbali, mviringo wa njano. Mguu wangu ukaanza kutafuta breki. Badawy naye alikuwa ameinua uso, rangi imemfikia.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

Akatia mkono kwenye mfuko aliopakata, akatoa kifuniko cha sufuria yangu ya uji, ambacho sikukitia mimi. Kilipakwa njano, rangi ingali inanuka. X yake ilipinda, na R moja imetoka nje ya ukingo.

"Iko hivi?"

"Iko hivyo hivyo, Baba Nasreen."

"Basi punguza, angalia kulia na kushoto," akasema, "kisha pita, Nasreen asije akanyweshwa uji wa Columbus."