Njia ya Shamba la Nyuma

Mume wangu alituonya mimi na mama yake: tukienda shamba la nyuma tusipite njia moja kila siku, na nyasi tuziache ziote. Huko alipanda bangi. Kazi yetu tangu enzi za mababu ilikuwa asali, lakini kampuni ya mbao ilikata miti yenye nyuki, na mihogo yetu ilikosa mnunuzi wa kuifuata huku ndani ya msitu. Mnunuzi wa bangi alikuja mwenyewe, kwa miguu, tena anatabasamu.

"Nimesikia, baba," mama mkwe alimjibu. Alisikia kweli. Ila kwetu sisi watu wa msituni, mama ndiye anayefagia njia ya shamba la mwanawe. Njia ikiachwa ikaota nyasi, basi mwenye shamba amekufa. Kwa hiyo kila alfajiri, sisi tukiwa tumelala, alichukua ufagio wake wa vijiti akaenda.

Askari wa misitu walifika mchana. Hawakumuuliza mtu njia. Walifyeka, wakachoma, wakarudi na mume wangu amefungwa mikono. Mkubwa wao alisimama uani petu.

"Asanteni kwa barabara," alisema. "Hata viatu havikuchafuka."

Wenzake wakacheka. Mume wangu aliutazama ufagio pale mlangoni.

"Mama, si nilikuambia?"

"Ningekuzikaje ungali hai?" mama mkwe alisema.

Wakamchukua. Sikulia. Nilimenya mihogo, nikapika, nikala, sikusikia ladha. Watu walikuja kutupa pole, nikazipokea. Tuliambiwa amefungwa miaka, mingapi hakuna aliyejua. Moyo wangu ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Mama mkwe hakuugusa tena ufagio. Alishinda jikoni, macho kwenye moto, ukimsemesha anaguna tu. Mvua zikanyesha. Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji, nikaona nyasi katikati ya njia ya shamba zimenifika vifundoni.

Nilirudi nikachukua panga na ufagio.

"Unakwenda wapi na hivyo?" mama mkwe aliuliza. "Shamba lenyewe halipo."

"Mwenyewe yupo, mama."

Nikafyeka na kufagia mpaka kwenye majivu. Nilipogeuka, alikuwa nyuma yangu na ufagio wa jikoni, anafagia upya nilipokwisha kufagia.

"Mwanamke mzima hujui kufagia," alinung'unika. "Akirudi atapita wapi hapa?"

Ndipo nikalia.