Kidole cha Tano cha Jogoo

Mimi sijawahi kuiga kazi ya mtu. Tangu nimalize sekondari na brashi mfukoni, kila mstari niliouchora umetoka kwenye kichwa hiki hiki, mbichi, haujapita kwa jirani. Wachoraji wenzangu wanajua. Wakibisha, ni kijicho tu.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini nilipoibiwa jogoo wangu, damu ilinipanda mpaka kwenye kope.

Jogoo mwenyewe nilimchora kwenye ukuta wa kinyozi: amesimama, kifua mbele, mwavuli mkononi (ndiyo, mkononi, sanaa haina daktari wa mifugo), anaangalia mawingu kwa dharau. Watu walikuwa wanafika kunyolewa, wanasahau kuingia. Nikaona nijipongeze kwa fulana moja. Nikapeleka mchoro wake wa karatasi kwa Chapachapa, mchapaji wa fulana mtaa wa pili, mtu mwenye miwani ya bei mbaya na tabasamu la kukodi. Akauingiza kwenye kompyuta yake, akanichapia fulana yangu, tukachekeana, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye jogoo yuko mji mzima. Mbeba mizigo kamvaa. Mwalimu wa mpira kamvaa. Muuza mayai, jamani, muuza mayai naye kamvaa!

Nikamfuata Chapachapa dukani.

"Nani kakuruhusu kumchapa jogoo wangu?"

"Jogoo wako?" Hata hakusimamisha mashine. "Dogo, umewahi kumlisha?"

Wateja wakacheka. Kuna mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Huyo sura yake nimeihifadhi.

Kumwaga rangi kwenye mlango wake lilikuwa wazo la kwanza, nikaliona la kitoto. Nilitaka kisasi kisafi, chenye muhuri. Nikakaa mezani, nikamwandikia barua ya kuomba radhi, yaani niliiandika mimi ili aje kuisoma yeye, mbele ya duka lake, fulana kaivaa ndani nje: "Mimi, Chapachapa, mwizi mkavu wa macho, nimekula jasho la kijana wa watu nikajifutia mdomo kwa kazi yake." Niliirudia mara nne kwa mwandiko wa maonyesho. Kila nilipofika kwenye "mkavu wa macho" nilisikia utamu kama nalamba kijiko.

Kisha nikaenda ofisi ya hakimiliki.

Afisa alikuwa mama mmoja mwembamba, meza yake imejaa mafaili, feni juu inazunguka kwa kulazimishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia ya kalamu yake.

"Kijana, kazi ni yako tangu ilipotoka kichwani ikakaa kwenye karatasi. Hata usipoisajili. Ila usajili unakusaidia siku kama ya leo. Rasimu zako ziko wapi? Zina tarehe?"

"Rasimu huwa natupa."

"Ulipompa mchoro, mliandikishana? Achape ngapi, auze wapi, kwa muda gani?"

Nikakohoa.

"Kukohoa si mkataba," akasema. "Wasanii mnajua kuchanganya rangi, kuweka karatasi mnaona ni kazi ya wazee. Una kitu gani cha kuonyesha kwamba mchoro ni wako?"

Hapo ndipo nilipomtolea kete yangu. Nikakunjua fulana ya Chapachapa mezani, nikagusa mguu wa kushoto wa jogoo.

"Hesabu vidole, mama."

Akahesabu. "Vitano."

"Na wa kulia?"

"Vinne."

"Mwizi kanakili mpaka kosa langu!"

Afisa akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hili ni jambo. Kosa linaweza kukutolea ushahidi kuliko sahihi yako. Lete na mtu aliyekuona ukifanya kazi, nami nitamwita huyo bwana. Ikithibitika, ataacha kuchapa na ataomba radhi hadharani."

Mtu ninaye. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Nachorea sebuleni kwake kila siku, rangi zangu ziko mpaka kwenye sufuria zake. Hajapita mitaa ya maduka tangu magoti yaanze kumsumbua, kwa hiyo jogoo alikuwa hajamwona. Nikamwambia atajibu "ndiyo" tu. Miwani nikamshauri aiache nyumbani, asichoke kuibeba.

Siku ya kuitwa ofisini ikafika. Chapachapa kaja na miwani yake na shati la kupigwa pasi. Mimi nimekuja na shangazi, na barua, nimeiweka juu ya meza, uso juu, aanze kuizoea.

"Mama, huyu kijana ni mchoraji?" afisa akauliza.

"Ndiyo."

"Huchorea nyumbani kwako?"

"Ndiyo."

"Unamwona?"

"Ndiyo. Na kuosha brashi hajui."

Mambo yanakwenda kama maji. Ndipo Chapachapa akanyoosha kidole.

"Mimi nina swali moja. Hicho kidole cha tano ni cha nini?"

"Ubunifu," nikasema.

"Ulisema ni kosa," afisa akanikumbusha.

"Kosa la kibunifu."

Afisa akamsogezea shangazi fulana. "Mama, uliwahi kumwona akimchora jogoo huyu?"

"Sioni vizuri, mwanangu. Huyu kaniambia miwani ni mizigo."

Chapachapa akavua ya kwake, akampa kwa mikono miwili. "Jaribu hii, shangazi."

Akaivaa. Akamtazama jogoo. Halafu akaweka ncha ya kidole palepale kwenye mguu wa kushoto.

"Hiki si kidole," akasema. "Hapa ni tundu."

"Tundu gani, mama?"

"La cheche ya pasi. Nilidarizi vitambaa sita vya makochi, huyu akaungua hapa. Nikapaziba kwa uzi, ikaonekana kama kidole, nikaacha. Na huyu si jogoo tu, ni marehemu mume wangu. Wingu moja likitokea, alikuwa hatoki bila mwavuli." Akanigeukia. Macho yake ndani ya ile miwani yalikuwa makubwa kama visahani. "Kitambaa hicho, cha sita, kilipotea kwenye kamba ya kuanikia. Mwaka mzima sisalimiani na jirani. Nilimwita mwizi mbele ya wanawe. Kiko wapi?"

Kiko chini ya godoro langu. Nilikiazima kwa muda tu, nipitishie mistari. Sasa kitu cha nyumbani, cha shangazi yako mwenyewe, nacho ni kuiga?

Nilikohoa.

Chapachapa hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Shangazi alikuwa ameshaiona barua. Akaivuta karibu, akaisoma yote, midomo ikicheza.

"Mwandiko wako huu."

"Ndiyo," nikasema.

Akaomba kalamu ya afisa. Akalikata jina la Chapachapa, taratibu, kama anayekata uzi, akaandika langu juu yake, kisha akanisogezea karatasi.

"Simama usome, baba. Ukimaliza hapa, twende ukamsomee jirani."